Kiu ya Yuka

Jumatatu, 2 Septemba 1912

Leo nyota yangu imewaka! Niandike haraka kabla furaha haijapoa.

Bwana Stesheni, yule Mjerumani anayetawala stesheni yetu ya Dodoma kuanzia kengele hadi kuni, ametuita barazani kwake, mimi na Matonya. Sisi sote ni vibarua wa kupakia kuni kwenye gari la moshi. Mimi napakia. Matonya analala juu ya kuni. Pale barazani palikuwa na mimea miwili ndani ya madebe, majani marefu, magumu, yenye ncha kama sindano ya kushonea magunia. Bwana akasema inaitwa yuka. Imetoka Amerika, kwenye jangwa ambako mvua huweza kukosekana mwaka mzima. Akafungua kitabu chenye picha: mti umesimama katikati ya majani, umejaa maua meupe yanayoning'inia. Niliitazama ile picha mpaka Bwana akafunga kitabu.

Habari yenyewe ni hii. Bwana anataka bustani mbele ya stesheni, na anatafuta mnyapara wa bustani. Hataki maneno, anataka kuona mkono wa mtu. Kila mmoja wetu apande yuka moja nyumbani kwake. Wakubwa wa reli watakapopita mwanzoni mwa Oktoba, zitaletwa stesheni zitazamwe. Mwenye yuka nzuri anapata kazi. Na kofia! Kofia yenye beji ya shaba mbele.

Kofia ndiyo jambo. Mke wangu Anyesi yuko kwao Buigiri tangu wakati wa mavuno. Baba mkwe, Mzee Kefa, ametamka kwamba binti yake harudi kwa mwanamume asiye na kazi inayoonekana kwa macho. Hayo yote ni kwa sababu ya shauri langu la kufuga mbuni, ambaye mpaka leo nasema alitoroshwa na watu wenye husuda. Sasa kazi gani inaonekana kwa macho kuliko kofia? Namkosa Anyesi. Nyumba haina sauti.

Nimepanda yuka mbele ya mlango. Nikakaa kuwaza yale maneno ya Bwana. Mwaka mzima bila mvua! Maskini! Kiu ya maisha yote, kisha bahari, kisha gari la moshi. Kwetu Ugogo mgeni hapewi hata swali kabla ya kupewa maji, na huyu ametoka mbali kuliko mgeni yeyote aliyewahi kufika kwangu. Nikampa kibuyu kizima. Udongo ukatoa mlio mdogo wa shukrani. Niliusikia kabisa.

Matonya aliuliza kama ni lazima aipande leo.

Alhamisi, 5 Septemba

Kibuyu kimoja hakitoshi. Mgeni anakunywa asubuhi, anakunywa jioni, na adhuhuri nikimtazama usoni naona bado anataka.

Maji ni korongoni. Huko mchangani wanawake wamechimba mashimo, wanangoja maji yajikusanye, wanachota kwa kata. Foleni ndefu. Mimi peke yangu ndiye mwenye ndevu. Nilipofika waliacha kuzungumza. Jirani yangu Sikudhani, Mrangi anayewauzia abiria karanga, akaniuliza kwangu anaumwa nani. Nikamjibu kwamba nina mgeni. Akauliza ni mgeni gani anayekunywa debe. Nikamwambia ni mambo ya serikali. Kicheko! Kilinifuata njia nzima mpaka mtaani kwetu Kikuyu.

Kwa haki niandike pia kwamba mwaka jana Anyesi alipokuwa na homa aliniomba nichote japo kibuyu kimoja. Nikamweleza kwa upole kwamba mwanamume hachoti maji. Lakini lile lilikuwa jambo la nyumbani. Hili ni la kofia.

Shingo inauma.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya kanisa nimemtengenezea mgeni kivuli. Nimechukua kaniki ya Anyesi iliyobaki kwenye kamba, nikaitandaza juu ya miti minne. Sasa yuka imekaa chini yake kama bibi arusi. Na mimi nikalala kando yake, kichwa kwenye kivuli, miguu kwenye jua.

Ndoto nzuri ajabu. Uwanda wote ulikuwa mweupe kwa maua, kuanzia stesheni hadi kwenye vilima, na gari la moshi linapita katikati bila kelele. Mimi nimesimama na kofia yangu. Abiria wote wananipungia mkono, hata Wazungu. Kwenye behewa la mwisho yuko Anyesi, ametoa kichwa dirishani, anacheka kama alivyokuwa akicheka tulipooana. Nikataka kukimbia, nikaona miguu yangu imeota mizizi. Lakini sikuogopa. Nilihisi raha ya kunyeshewa.

Nikaamka. Mbuzi wa Sikudhani alikuwa anatafuna kaniki.

Jumanne, 17 Septemba

Majani ya chini yamekuwa manjano. Nimehangaika mchana kutwa. Nimempima kila upande. Hana mdudu, hana jeraha. Basi ni kiu ya zamani inatoka mwilini, au amekumbuka kwao.

Nimeongeza debe la adhuhuri. Pia nimempa uji mwepesi wa uwele na maziwa kidogo, kwa sababu hakuna mgeni anayeishi kwa maji matupu. Sisi watu wa huku hatuna mengi, lakini hatujawahi kutajwa kwa ubahili.

Jambo la kuudhi: magugu yameanza kuchipua kuzunguka mgeni. Yanajipenyeza kwenye karamu ambayo hayakualikwa.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimekwenda kupeleleza kwa Matonya. Nilijifanya natafuta mbuzi.

Yuka yake haikupandwa hata chini! Iko juu ya paa la tembe, ndani ya debe lake lilelile, katikati ya maganda ya maboga. Aliipandisha huko siku ile ya kwanza ili mbuzi wasiisumbue, kisha akaisahau. Ameniambia mwenyewe, bila aibu, akiwa amelala. Udongo wake umepasuka kwa ukavu. Nilisikia uchungu kumwona mgeni amewekwa juani namna ile bila hata tone.

Na bado imesimama wima! Kijani! Ncha zake zinang'aa!

Nimerudi nyumbani nikiwaza. Hakuna kiumbe kinachoweza kunawiri bila kunywa. Kwa hiyo Matonya anainywesha kwa siri, na ule usingizi ni maigizo. Mtu mjanja sana. Kulikuwa na kibuyu kikubwa kando ya mlango wake, bila shaka ndicho anachotumia. Nikakichukua, kwa nia ya kumnyima silaha. Hata hivyo sikutaka kikae bure, nikakitumia kumwongezea mgeni wangu.

Jumatano, 25 Septemba

Mke wa Matonya amezunguka mtaa mzima akiuliza kibuyu chake cha pombe. Cha pombe! Basi ndiyo maana mgeni alipokunywa jana alionekana kulewa lewa.

Nimekuwa na ugomvi na Sikudhani. Yale magugu yamejaa miguuni pa mgeni, mchicha mnene na mlenda wa kufika vifundoni, mabichi mno, na nchi nzima wakati huu ni vumbi na miiba. Sikudhani amekuja na ungo. Amesema tangu Kondoa mpaka hapa hakuna mtu mwenye mboga mbichi mwezi huu. Amesema abiria wangegombania. Ameomba achume, na mimi nitapata changu. Nikamwambia, mama, haya maji nimeyabeba kwa kichwa changu, siwezi kuona mlenda unakula jasho langu mbele ya macho yangu. Nikang'oa yote hadi mzizi. Nikatupa nje ya ua. Mbuzi walikuja wengi, hata wasio wa mtaa wetu.

Sikudhani alisimama na ungo wake mtupu, akaondoka. Hakunitukana. Hilo limenisumbua kidogo.

Jumatatu, 30 Septemba

Mgeni ameinama.

Niliingiwa na shaka asubuhi, jioni sina shaka tena. Amelala upande, majani yamelegea, na pale shinani pana harufu. Nimechomeka gongo, nimemfunga kwa kamba, nikampa debe la asubuhi, la adhuhuri, la jioni. Nimemsemesha. Nimemwambia avumilie, mvua za kwetu zinakuja mwishoni mwa mwaka, atanywa mpaka asahau Amerika.

Nilikaa pale mpaka vilima vikawa vya bluu. Hewa ilikuwa tulivu, moshi wa majiko umesimama juu ya kila tembe. Nilijiona niko ndani ya kitu kizuri kinachoondoka taratibu, na sikujua nikishike wapi. Kisha nikakumbuka kofia, nikaenda kuchota tena.

Alhamisi, 3 Oktoba

Anyesi amekuja!

Alishuka kwenye gari la moshi la mchana. Habari zilikuwa zimemfikia huko Buigiri kwamba mume wake anabeba maji kichwani, hakuamini, akaja kujionea. Nilimkuta mlangoni amejaa vumbi, midomo imekauka. Nimesahau kila nilichopanga kusema. Moyo wangu ulienda mbio kuliko siku ya harusi. Akanisalimu vizuri. Akakaa. Akaomba maji.

Mtungi ulikuwa mtupu. Kibuyu kitupu. Debe tupu. Nilikuwa nimetoka kummiminia mgeni wakati huohuo, matone ya mwisho nikayakung'uta. Nikamweleza Anyesi kwamba amekuja saa mbaya. Akatoka, akaenda kunywa kwa Sikudhani.

Walikaa huko muda. Aliporudi alikuwa anajua yote, kuanzia foleni mpaka mlenda. Akachuchumaa, akashika ule udongo uliolowa, akausugua vidoleni. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni kweli palikuwa na mlenda mlangoni kwetu katika jua hili na mimi nikawapa mbuzi. Nikasema ni kweli, lakini nilikuwa naokoa mgeni. Akamtazama mgeni, na gongo, na kamba.

Kisha akasema maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka:

"Bartolomayo, kofia anaitaka baba. Mimi sitaki kofia. Mimi nataka debe moja tu la maji. Ulichote korongoni kwetu Buigiri, ulibebe kichwani, unifikishie mlangoni kwa mama, wanawake wa kule wakuone. Siku hiyo nafungasha mzigo narudi na wewe."

Akapanda gari la kurudi. Nilisimama kwenye reli mpaka moshi ukawa uzi. Nimelia, sioni haya kuandika.

Debe moja! Nilifikiri atataka ng'ombe. Lakini nimemjua Anyesi, anasema debe kwa unyenyekevu. Nikija na debe na kofia, je? Hapo hata Mzee Kefa atasimama kunipokea.

Jumamosi, 5 Oktoba

Nakaribia kushindwa kuandika kwa aibu. Lakini kosa si langu, ni la mvuke.

Alfajiri nilipomshika mgeni nimwamkie, alitoka mzimamzima mkononi. Chini hakuna mizizi, ni uji. Na wakubwa wa reli wanafika saa nne! Ndipo shauri likanijia, shauri zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo. Yale majani yaliyobaki magumu nikayafunga kuzunguka gongo. Nikapasua mto wa kulalia, nikatoa pamba, nikaifunga mafundo mafundo juu ya gongo kama kwenye picha ya Bwana. Maua meupe yananing'inia! Nikaliweka lote ndani ya debe la udongo. Nikarudi nyuma kuangalia. Ukifumba jicho moja, ilikuwa ndiyo ile picha.

Nikaipeleka stesheni. Matonya alichelewa, kama kawaida. Wakubwa wakashuka, ndevu na viatu vya kung'aa. Bwana Stesheni akaona maua yangu akashangaa, akaanza kuwaeleza wenzake kwa Kijerumani, na mmoja akavua miwani aipanguse. Nilikuwa na kofia tayari! Niliihisi kichwani!

Hapo gari la moshi likaachia mvuke. Fuuu! Pamba yote ikapaa. Ilielea juu ya stesheni yetu polepole, nyeupe juani, ikatua kwenye ndevu na mabega ya wakubwa, abiria wakidhani ni miujiza. Kwa dakika ndogo ilikuwa kama ile ndoto yangu, uwanda mweupe wote. Hata mimi nilisahau kuogopa. Kisha Bwana akashika majani, akabaki na gongo.

Nilitazamia kuchapwa kiboko. Lakini yule mkubwa mwenye miwani alicheka mpaka akashikilia nguzo, na wengine wote wakafuata, na Bwana naye ikabidi acheke.

Ndipo Matonya akaja, debe begani, anapiga miayo. Na yuka yake imetoa mti katikati, na kwenye mti yamefunguka maua. Meupe. Makubwa. Yanainama kama yanasikiliza. Niseme kweli, sikuwa na wivu pale, nilitaka tu kuendelea kuyatazama. Matonya aliulizwa alifanyaje. Akasema hakufanya chochote. Wakamvisha kofia. Imemshuka mpaka machoni, ikamfaa kulalia.

Jumapili, 6 Oktoba

Matonya amekuja na kofia yake kunifariji. Ameniletea kichipukizi, kimetoka kando ya yuka yake, majani machache yenye ncha. Amesema nikipande, nikiache. Nisikinyweshe. Amerudia mara mbili: usikinyweshe, ndugu yangu, hicho ni kitu cha jangwani, maji ndiyo yaliyoua kile cha kwanza. Amesema hata Bwana Stesheni amesema hivyohivyo.

Nilimshukuru kwa adabu. Alipoondoka nikacheka. Husuda jamani! Mtu amepata kofia na bado anaogopa nisije nikampita. Na Bwana naye atasemaje, wakati maji yote ya karibu anayataka kwa ajili ya gari lake la moshi? Nimepitia upya mambo yote kwa makini, siku baada ya siku, nikaona kosa lilipo. Nilianza na kibuyu. Ningeanza na debe tangu siku ya kwanza, mgeni angekuwa hai.

Nimekipa kichipukizi maji ya kukaribishwa. Kesho kutwa safari ya Buigiri. Debe moja la Anyesi, na mkononi zawadi ya kupanda mlangoni kwa mama mkwe. Atakuwa na maji na maua pia. Ni mwanamke gani atakataa?

Jumatano, 9 Oktoba. Buigiri, nje ya nyumba ya Mzee Kefa

Naandika nimeegemea ukuta. Nieleze kwa utaratibu.

Nilifika korongoni asubuhi. Wanawake wa Buigiri walikuwa wengi. Nikawasalimu, wakubwa shikamoo, wadogo hamjambo, nikainama nikachota debe mpaka ukingoni. Nikajitwika. Kisha mmoja akapiga kigelegele, na mwingine, na mwisho korongo lote! Kwa mara ya kwanza wanawake wa korongoni hawakunicheka. Nilipanda kile kinjia nikiwa nimenyooka, maji yananidondokea masikioni, kichipukizi mkononi. Juu, mlangoni, Anyesi alitoka. Mkono kwenye paji la uso, anazuia jua. Alikuwa anatabasamu. Niliona kwa mbali. Nyuma yake, ndani ya mlango, niliona mzigo umekwisha fungwa kwa kamba.

Lakini jua la leo ni kali mno. Katikati ya njia nikatupa jicho mkononi, nikaona jani moja la kichipukizi limelegea. Mgeni, safarini, amechoka, na mimi nimebeba maji kichwani! Ningewezaje? Nikatua debe, nikampa kidogo tu. Nikajitwika tena. Baada ya kona nikatazama, jani bado. Nikatua. Nikampa tena, safari hii vizuri. Anyesi aliita kitu kutoka kule juu, sikumsikia vema, nikampungia mkono kumwambia asiwe na wasiwasi. Vigelegele vikapungua. Kwenye kile kimwinuko cha mwisho jani lilikuwa limeanza kupata uhai, nikaona si busara kukatisha matibabu.

Nilipofika, Anyesi akachungulia ndani ya debe. Alichungulia muda mrefu kuliko unaohitajika kuona debe tupu. Akaingia ndani, nikasikia kamba ya mzigo inafunguliwa. Akatoka, akachukua lile debe, akashuka nalo korongoni mwenyewe.

Mimi nimekaa hapa kivulini, sijakata tamaa hata kidogo. Nimekipanda kichipukizi karibu na kizingiti. Kizuri sana, kinapendeza na nyumba. Ni ile ncha moja tu naona bado imekauka kauka. Lakini Anyesi amekwenda kuchota, na hiyo ni heri kubwa, maana akirudi nitamwomba animiminie kibuyu kimoja.